Picha Sita Zilizobaki

Kongowea, Mombasa
12 Januari 2025

Kwa Babu Buya, mume wangu wa Wenje,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na migomba yako ya ukingoni haijaliwa yote na viboko. Mimi sijambo. Mama anakusalimu kutoka Garsen, anasema duka linakwenda polepole na mguu wake umepoa. Kazi yangu ni ile ile ya kuchapisha mabango. Juzi nimechapisha uso wa bwana harusi mkubwa kuliko mlango, na bado mama yake akasema mwanawe ametoka mdogo.

Najua simu huipendi, unasema ni ya misiba na bei za ng'ombe, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Babu, nimenunua kamera ya saba. Usicheke. Ni ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia, nimeipata kwa muuza vyuma chakavu ikiwa katikati ya pasi mbovu na mapanga boi. Watu hawazitaki kamera za filimu siku hizi, wanazitoa kwa bei ya sahani ya pilau. Mimi nazipanga dirishani, na nikitoka kazini nazichungulia moja baada ya nyingine. Kila moja ina dunia yake. Hii ya Kirusi inageuza mtaa wote uwe rangi ya chai ya maziwa. Nyingine ina ukungu ndani ya lenzi, na watu wanaopita chini wanaonekana kana kwamba mvua inanyesha upande wao tu. Nikizichungulia nasahau hata kula.

Sasa jambo lenyewe. Mama aliniambia kitu wiki iliyopita. Kwamba kamera inayoning'inia kwenye boriti ya nyumba yako ina filimu tangu kabla sijazaliwa, na Bibi Mwanasiti yumo ndani. Ni kweli? Kila nikija Wenje watu husema nimemchukua Bibi, mwendo na paji la uso, nami hucheka tu kwa sababu sina cha kujilinganisha nacho. Sijamwona hata kwenye picha ya kitambulisho. Nipe kamera niioshe filimu hiyo, nakuomba.

Mkeo,
Ikhlas


Wenje
3 Februari 2025

Kwa mke wangu mdogo asiyejua kupika,

Wa aleikum salaam, na marahaba. Barua yako imeletwa na Kadra, yule mama wa Kiorma anayepita hapa asubuhi na maziwa. Utingo wa basi alimkabidhi pale barabarani. Mimi ni mzima. Viboko wamekula mahindi upande mmoja, upande wa pili wameniachia kwa heshima ya uzee wangu.

Kamera saba! Mwanamke mwenye kamera saba na sufuria moja. Nani atakutaka isipokuwa mimi?

Kuhusu ile uliyouliza: ndiyo, ipo, na ndiyo, yumo. Maji ya El Nino yalipoingia Garsen yalibeba studio yangu nzima. Yalikwenda na pazia lenye mchoro wa mlima, sanduku la negatifu, na picha mbili za bibi yako, ambazo ndizo pekee alizowahi kukubali kupigwa. Mimi nilitoka na kamera shingoni na Mwanasiti mkononi. Tukaja huku Wenje. Idd iliyofuata nikatia filimu mpya, nikampiga picha akiwa amesimama, kisha nikapiga za watu wengine. Kabla filimu haijaisha akaugua. Baada ya mazishi nikaitundika kamera, na iko pale pale.

Lakini filimu haijaisha, Ikhlas. Zimebaki picha sita. Katika maisha yangu yote ya kazi sikutoa filimu ambayo haijaisha. Wateja wa Tarasaa, wa Chewele, wakubwa kwa wadogo, wote walisubiri miezi. Kuna harusi iliyovunjika kabla picha zake hazijatoka, na bado nilimwambia bwana harusi asubiri. Chungu hakipakuliwi kabla hakijaiva.

Basi usinisumbue kwa hilo. Nitumie miwa ya Mombasa, ya huku imekuwa na maji mengi.

Mumeo,
Buya


Kongowea
20 Februari 2025

Babu yangu,

Salamu nyingi, na heri ya kuikaribia Ramadhani. Sisi wote wazima. Miwa nimempa utingo, naomba ifike kabla hajaitafuna.

Sasa umenifanya mteja wako? Sikiliza, Babu. Filimu inakufa humo ndani. Mwaka jana nilinunua kamera iliyokuwa na filimu ya mtu, nikaiosha mwenyewe bafuni, nimeziba dirisha kwa blanketi. Kikatoka kipande kimoja tu: mkono wa mwanamke umeshika mwavuli. Mkono bila mwenyewe. Nimeubandika ukutani, kila siku nauliza, huyu nani alimpenda hata akampiga picha? Joto na unyevu vilikuwa vimekula yaliyobaki. Na joto la Wenje unalijua kuliko mimi. Kila msimu unaopita unamfuta Bibi kidogo.

Kama shida ni hizo sita, zimalize. Piga chochote. Piga migomba, piga Kadra, piga viboko wakiwa katikati ya mahindi yako.

Nitakwambia ukweli: nina wivu. Wewe ukifumba macho unamwona. Mimi nikifumba macho naona giza kama watu wengine.

Ikhlas


Wenje
6 Aprili 2025

Kwa Bi Ikhlas, mwenye wivu na mwavuli,

Idd mubarak, ingawa imepita. Mama yako alikuja kula sikukuu huku, amerudi Garsen salama. Miwa ilifika ikiwa na upungufu, utingo ana meno mazuri.

Nimeitundua kamera. Usifurahi haraka. Nilikasirika na barua yako kwa muda, nikaiweka chini ya mkeka, nikaitoa tena. Nikuambie kilichonizuia, kwa sababu umenieleza lako. Filimu hii ndiyo kitu cha mwisho nilichokianza na Mwanasiti. Maadamu haijaisha, kuna kitu chetu ambacho bado kinaendelea. Ndivyo nilivyojidanganya miaka yote hii, na sikuona ubaya wake.

Nilipoishika, mkono ulikumbuka wenyewe. Unajua bibi yako alikuwa na sehemu yake katika kazi? Filimu ikiingia, picha ya kwanza sikuihesabu. Huwa imeungua nusu kwa ule mwanga unaoingia wakati wa kufunga kamera, huwezi kumpa mteja. Basi nilimpa Mwanasiti kamera abonyeze apendavyo, aifungulie filimu bahati. Ya kwanza ilikuwa yake, kisha hesabu yangu ikaanza. Na sheria niliyomfundisha ni moja tu: jua liwe mgongoni mwako. Alikuwa akibonyeza amefumba macho yote mawili, huku anacheka.

Sasa, moja imekwenda. Nilisimama njiani asubuhi ya Idd watu wakitoka kuswali. Niliwasikia kabla hawajafika, kanzu zikipigwapigwa na upepo, watoto wakigombania peremende, na harufu ya udi ikaja mbele yao. Nikabonyeza harufu ilipokuwa kali. Zimebaki tano.

Buya


Kongowea
5 Mei 2025

Mume wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Tunasikia mto umejaa, na Mama anasema barabara imekatika mahali. Sijui barua hii itakufikia lini. Huku mvua inanyesha na kazi ni haba, maana hakuna anayetundika bango kwenye matope.

Nimesoma barua yako mpaka imechakaa. Tangu hapo nimeota mara nyingi kwamba kamera zangu zote zimefunguka, na kutoka katika kila moja anatoka mwanamke amefumba macho, anacheka. Nikimsogelea aninyooshee uso, naamka.

Babu, nina swali, na usinijibu kwa mzaha. Mistari ya barua yako inapanda mlima. Mwanzo wa ukurasa uko Wenje, mwisho umeshafika Hola. Na Mama anasema siku ya Idd alisimama mbele yako kimya, ukamwita Kadra. Unaona vizuri? Huja huku madaktari wa macho, naweza kukuchukua nikukalishe kwangu hata mwezi. Tafadhali nijibu.

Ikhlas


Wenje
28 Juni 2025

Kwa mke wangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako ilikaa Garsen hadi maji yakapungua. Mimi ni mzima, nyumba ni nzima, shamba la chini limekwenda na mto lakini mto umeacha udongo mweusi mzuri, kwa hiyo hatudaiani. Kadra alizunguka njia ndefu na maziwa yake majuma yote hayo, na hakukosa kufika.

Mistari inapanda kwa sababu mguu wa meza umeliwa na mchwa.

Picha tatu zimekwenda. Moja nimempiga Kadra na vibuyu vyake njiani. Alisimama kama askari, hata pumzi hakuitoa, nikajua amesimama kwa sababu vibuyu viliacha kugongana. Ya pili ni mto. Maji yalipokuwa yanashuka nilikwenda hadi ukingoni nikasikiliza. Yalikuwa yanatoa sauti kama mtu anayemeza. Ya tatu ni mpapai aliouotesha bibi yako, au mtoto wa mpapai ule, au mjukuu wake. Ulikuwa na mapapai yaliyoiva, harufu yake ilinipeleka moja kwa moja.

Zimebaki mbili, nami sina haraka nazo.

Kumbuka kula.

Buya


Kongowea
14 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilikuuliza kuhusu macho, ukanijibu kuhusu meza.

Ikhlas


Wenje
19 Septemba 2025

Kwa Ikhlas,

Salaam aleikum. Nimekawia. Barua yako fupi ilinichoma, nami nilipokuwa kijana nilipigwa na wanawake kwa maneno marefu tu, hayaumi hivyo.

Kamera anayo utingo, imefungwa ndani ya leso ya bibi yako na juu yake mfuko wa plastiki. Filimu imo, haijafunguliwa, imeisha. Sikuirudisha nyuma, fanya wewe, mikono yangu ilikataa.

Moja kati ya zile mbili niliipiga angani kwa makosa, kuku alipita miguuni. Ya mwisho nilikaa nayo muda mrefu. Mwanasiti alikuwa akikaa asubuhi mbele ya mlango, chini, kwenye mkeka, akisuka mkeka mwingine. Nikasimama pale niliposimama siku zote nikija na chai. Nikaweka jua mgongoni. Nikainamisha kamera hadi pale alipokuwa akikaa, nikabonyeza. Kisha nikazungusha, ikagoma, nikajua basi. Nililia, mke wangu, na sioni aibu kukuandikia.

Nina ombi moja. Ukimpata, mtoe mkubwa. Usiniletee picha ya kutia mfukoni. Mkubwa kama yule bwana harusi wako.

Buya


Kongowea
30 Oktoba 2025

Kwa Babu yangu Buya,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai u mzima. Mama ni mzima, atakuja kwako mwezi ujao. Najua barua hii utasomewa, kwa hiyo namsalimu na Kadra, na namshukuru kwa maziwa na kwa kila kitu.

Nimeiosha. Niliahirisha kwa majuma, kisha nikaziba dirisha kwa blanketi nikaanza.

Nianze na baya, kwa sababu ndilo nililolikuta kwanza. Mkanda karibu wote umekuwa mweusi mtupu. Picha uliyompiga Bibi siku ile ya Idd imekwenda. Nimeitazama kwenye mwanga kila upande. Pana doa, na pengine doa lile ndilo yeye, lakini siwezi kukudanganya kwamba ni uso. Nilikaa chini bafuni nikalia kwa sauti mpaka jirani akabisha hodi.

Sita zako zimetoka, hafifu, kama vitu vilivyo chini ya maji. Babu, picha ya Kadra haina Kadra. Kuna njia, na pembeni kipande cha kibuyu. Picha ya mto ni matete matupu. Picha ya mpapai ni ukuta wa jirani. Sasa sikuulizi tena. Nimejua. Naumia kwamba ulibaki na jambo hili peke yako, na naumia zaidi kwamba nilikutuma upige picha.

Nilikuwa nakunja mkanda niuweke, nikaona kitu mwanzoni kabisa, kule ndani ulikokuwa umejiviringa na kufunikwa na mizunguko mingine yote. Picha ambayo hukuihesabu. Nusu yake imeungua, nyeupe kama unga. Nusu ya pili ni wewe. Babu, wewe ni kijana! Umekunja macho kwa jua, unacheka, mkono umeunyoosha kama mtu anayesema polepole, usiiangushe. Ardhi ina unyevu bado. Na juu ya ardhi hiyo, kutoka chini ya picha hadi miguuni pako, kuna kivuli kirefu cha mwanamke. Ameinua viwiko, ameshika kamera usoni. Ncha ya leso imeteleza begani. Alitii sheria yako. Jua alikuwa nalo mgongoni.

Sikumpata Bibi. Nimepata kivuli chake kikikugusa miguu.

Na ile ya mwisho, ya mlangoni, haina mlango. Uliinamisha mno. Kuna ardhi, na kivuli chako umevaa kofia, kimelala pale pale ulipomtafuta.

Nimezichapisha zote mbili juu ya kitambaa kimoja cha bango, yake na yako, zikielekeana, urefu wa mtu mzima. Mwenye duka la mabango ameniuliza ni tangazo la nini. Nimemlipa bei ya kitambaa. Bango limeviringishwa pamoja na barua hii. Nisamehe kwamba halina uso.

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja.

Ikhlas


Wenje
21 Novemba 2025

Kwa Ikhlas,

Mimi ni Kadra. Barua zako mimi ndio nasomea mzee, leo yeye anasema, mimi naandika. Nilisoma mpaka darasa la nane, Kiswahili yangu ni ya kuuza maziwa, usicheke. Mama yako iko hapa, imesalimu. Bango tumetundika mimi na yeye, ukuta wa ndani, inaangalia mlango. Sasa naandika vile mzee anasema.

Wa aleikum salaam, mke wangu. Daktari wa macho aliyekuja Garsen mwaka juzi aliniambia yaliyokwenda hayatarudi. Ni presha ya macho, haina dawa ya kurudisha nyuma. Sikukwambia, kwa sababu mke akishaanza kumhurumia mume, utani umekwisha, na mimi utani wako ndio unaoniamsha asubuhi. Usiumie kwa zile picha. Kwa miezi ile nilikuwa na kazi tena.

Nyuso ndizo zilizotangulia kuniacha. Sasa nimebakiwa na weusi na weupe. Kadra akisimama mlangoni ni kivuli chenye harufu ya maziwa. (Mimi Kadra nimecheka hapa.) Mama yako ni kivuli kinachokohoa. Watu wote wa Wenje wanapita mbele yangu hivyo, nami nawasalimu kwa kubahatisha.

Nilikuwa na hofu moja, na ndiyo iliyonifanya nikawie na zile mbili za mwisho. Niliogopa kwamba utamtoa Mwanasiti na uso wake wote, paji na tabasamu, uniwekee mbele yangu, na mimi nisimwone. Ndiyo maana nilikuomba mkubwa. Nilijua hata mkubwa hautatosha.

Umeniletea kivuli. Walipokifungua jua lilikuwa limeingia ndani, nikamwona kabla hawajaniambia ni upande gani. Viwiko nje, leso imeteleza begani kama kawaida yake. Alikuwa hajui kufunga leso mwanamke yule, hata siku ya harusi yetu ilimwanguka. Kadra anasema kando yake kuna mzee mwenye kofia, nikamwambia huyo simwulizii.

(Hapa mzee ameenda kugusa bango. Mimi nimengoja.)

Unaniomba nikusamehe kwamba hana uso. Ikhlas, walio hai wote nawaona hivyo. Leo Mwanasiti hajapungukiwa kuliko yeyote kati yenu.

Ukija, njoo na filimu mpya kwa kamera yangu, na ya kwanza utabonyeza wewe. Lakini usiingie ndani moja kwa moja. Fika asubuhi, simama mlangoni, jua liwe mgongoni mwako, uache kivuli chako kianguke karibu na chake. Nataka nione mwenyewe kama kweli umemchukua.

Mumeo,
Buya